Chai Baridi ya Saa Tisa

Calgary, Kanada
12 Januari 2024

Mwalimu mwenzangu Nosim,

Usishangae mwandiko. Vidole vimekakamaa kwa baridi ingawa niko ndani, nimevaa soksi mbili mbili na sweta la Sahil. Nje theluji imefunika kiti cha bustanini, kimebaki kinundu tu.

Masikio hayajapona. Daktari wa huku amenipa vidude vya kuvaa. Nikivivaa nasikia vijiko na milango, watu siwasikii. Ndiyo maana siku ile mlipopiga simu ya video nilikuwa nacheka tu. Nilikuwa naona midomo yenu inachezacheza, na mwanangu Sahil ananipigia kelele begani, "Mama, Baba anasema anakula vizuri!" Sasa mambo ya mume na mke yanapitaje mdomoni mwa mtoto? Kuandika kwenye simu nako kumenishinda. Nikianza neno la Kiswahili, yenyewe inalimalizia kwa Kiingereza. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu.

Jana mjukuu alinifungulia kopo la chai baridi ya dukani. Nikanywa, nikaacha. Ilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi. Hapo hapo nikatukumbuka sisi wawili tukitoka shule, chaki bado iko kwenye nywele, tunapanda ngazi za kwangu, wewe unavua viatu mlangoni na kusema, "Mama Sahil, kabla hujaniuliza habari, nimiminie." Tunakaa roshani, Meru imejifunika wingu, jasho linatiririka kwenye glasi mpaka linalowesha madaftari ya watoto tuliyokuja kuyasahihisha. Na Firoz wangu anaacha kidogo duka lake la vitambaa, anapanda, anakunywa glasi yake amesimama jikoni, anashuka. Miaka yote ile hakuwahi kukaa na sisi.

Niambie ukweli, Nosim. Yukoje? Nilikuja huku kutibiwa kwa miezi michache, sasa naingia mwaka wa tatu, na hajaniuliza hata mara moja ninarudi lini. Sahil anataka nikae moja kwa moja. Makaratasi ya ukaazi yako mezani. Nimemwambia bado nafikiri.

Na kile kisukari chake. Anywe kingine chochote, chai ile asiiguse. Nakutegemea wewe.

Sahil anakuamkia.

Wako,
Rozmin


Arusha mjini
6 Februari 2024

Shemeji Nosim,

Nakupigia hupatikani, nadhani umeme wa Olasiti haujarudi. Nimempa Lemayian wa bodaboda akuletee karatasi hii.

Asante kwa kuja juzi kunisomea habari za Rozmin. Na pole kwa ile chai. Niliona ulivyoimeza. Jirani yangu Mustansir yeye alisema waziwazi kwamba akipewa tena kama ile atahamia Moshi. Mimi siwezi kuionja. Daktari alinikataza na ninamtii, uliona mwenyewe glasi yangu ni ya maji. Ninapika kwa kukumbuka harufu, na harufu peke yake haitoshi.

Naomba jambo moja. Mwandikie Rozmin umwulize anavyoitengeneza, hatua kwa hatua. Lakini usimwambie ni mimi ninayetaka kujua. Akisikia nahangaika na sufuria atanionea huruma, atafunga mizigo, aache wajukuu na madaktari wake aje kunipikia. Sitaki arudi hivyo. Tafuta sababu yoyote, wewe ni mwalimu, hutakosa.

Firoz


Olasiti
9 Februari 2024

Mpendwa Mama Sahil,

Ashe oleng kwa barua. Nilipoiona bahasha nilikaa chini kwanza, nikadhani ni habari mbaya. Nani anaandika barua siku hizi? Nilipoona unalalamikia soksi nikajua uko mzima.

Habari zako nilimpelekea Baba Sahil, akazisikiliza amekaa. Ndiyo, amekaa! Siku hizi anakaa. Dawa anameza kwa wakati. Chai ya sukari hajaigusa, nakuapia kwa Mungu. Amekonda kidogo na amefuga ndevu ambazo hazimpendezi, nimeshamwambia.

Huku jua limekazana. Ng'ombe zangu wanapelekwa mpaka upande wa Terrat kutafuta majani na wanarudi hawataki hata kunitazama. Mlima uko wazi tangu asubuhi mpaka jioni, kama mtu aliyekosa nguo ya kuvaa.

Sasa nina shida na wewe. Mjukuu wangu Silantoi anapata kipaimara usharikani baada ya Pasaka, na mimi kwa mdomo wangu nimejitwika kinywaji cha wageni. Nimewaahidi chai baridi, ile yako. Sasa nagundua kwamba miaka yote nilikuwa nakunywa na kuongea, mikono yako sikuitazama. Niandikie kila kitu. Niandikie kama unamfundisha mtu ambaye hajawahi kushika sufuria. Kama unamfundisha mwanaume.

Wako,
Nosim


Calgary
3 Machi 2024

Nosim,

Kama ninamfundisha mwanaume! Nimecheka mpaka mjukuu akaja kuchungulia.

Haya. Maji yachemke kwanza, yenyewe, bila kitu. Yakichemka zima jiko, ndipo utie majani, funika, na uondoke hapo. Watu wengi wanaharibia hapa: wanachemsha majani kama wanachemsha mifupa, chai inakuwa chungu, halafu wanamwaga sukari kuuficha uchungu. Wewe nenda kaanue nguo. Ukirudi rangi imeshaiva. Chuja, na usiyakamue majani hata kama roho inakuuma kuyatupa. Sukari itie palepale chai ikiwa ya moto, koroga mpaka usisikie tena mchanga chini ya kijiko. Ukingoja ipoe, sukari inakaa chini na glasi ya mwisho inakuwa asali. Tumbukiza mnanaa, si mwingi. Limau bado! Limau linasubiri chai ipoe kabisa, la sivyo utapata harufu ya limau lililopikwa. Barafu igandishe kwa maji yaliyochemshwa, wageni wasije wakakukumbuka kwa mambo mengine.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha, tulipokuwa tunaishi nyuma ya duka la baba. Alikuwa anainua glasi juani na kuweka kidole nyuma yake. "Unakiona kidole changu?" Nikisema sikioni vizuri, tunaanza upya. Nilikuwa nalia kwa hasira. Baada ya kuolewa ndipo nilipojua kwamba zile zilikuwa saa pekee za siku ambazo mama alikuwa wangu peke yangu, wateja hawapo, ndugu zangu wako madrasa.

Nilipokuwa naandika haya nilikuwa jikoni kwangu kabisa. Mkono ulinyooka kushoto kutafuta kichujio, ukagonga ukuta wa Sahil.

Firoz hajaandika hata mstari. Mwambie. Au usimwambie.

Wako,
Rozmin


Olasiti
30 Machi 2024

Mpendwa Mama Sahil,

Kesho ni Pasaka na mvua imeanza kwa fujo. Barabara ya huku kwetu imekuwa mto, nimevaa mabuti kama mwanajeshi.

Tumejaribu chai yako. Nimejaribu, nataka kusema. Uchungu umekwisha, nakushukuru sana, na Mustansir amesema sasa inanyweka. Lakini ikikaa kwenye friji inatoka na ukungu, kama maji ya mtaro. Kidole hakionekani hata ukikiwekea taa. Tumekosea wapi?

Swali lingine. Lile jagi la kioo lenye kifuniko cha bluu, ulikuwa unalitilia vijiko vingapi vya sukari? Nimebishana na mtu, yeye anasema kumi, mimi nasema hapana.

Mungu akubariki. Silantoi amekariri katekisimu yote, anaisema hata usingizini.

Wako,
Nosim


Calgary
28 Aprili 2024

Nosim,

Ukungu unatokana na kuiweka kwenye friji ikiwa bado na joto. Iache mezani ipoe polepole.

Jagi lenye kifuniko cha bluu ni langu. Liko kwenye kabati la vioo sebuleni kwangu, na ufunguo anao Firoz. Na Mustansir hasali Kilutheri, anaonja nini cha kipaimara chenu?

Ningeweza kucheka. Lakini wiki iliyopita alikuja Nalini, binamu yangu anayeishi huku. Amezungumza na mke wa Mustansir kwa simu, akaniandikia kwenye karatasi ili nielewe vizuri: kila siku saa tisa roshani yangu imejaa watu, chai baridi inazunguka, na kicheko kinasikika mpaka barabarani. "Firoz amechangamka kuliko zamani," ameandika hivyo, akapigia mstari.

Uliniapia kwamba haigusi. Mtu mwenye kisukari anakaa na jagi zima la sukari kila siku, halafu wewe unaniambia kuhusu ndevu!

Nosim, si hilo tu lililoniuma. Huku nilikuwa nimejiwekea picha ya nyumba iliyonyamaza tangu nilipoondoka. Ilikuwa inanihuzunisha, na ilikuwa inanifariji pia, nisikufiche. Kumbe nyumba inacheka. Inacheka bila mimi, kwa chai yangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyetuma maelekezo.

Nimemwambia Sahil ndiyo. Akirudi kutoka safari ya kikazi katikati ya Juni tutayapeleka makaratasi.

Rozmin


Arusha mjini
21 Mei 2024

Mke wangu Rozmin,

Mimi na wewe tumezungumza Kikutchi maisha yetu yote lakini kukiandika sikufundishwa, na Kigujarati changu unakijua, ulikuwa unakisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili cha shule.

Nosim alikuja na barua yako. Hakuvua viatu. Aliiweka mezani akasema, "Soma. Mimi nimechoka kuwa posta yenu."

Nitakueleza ilivyokuwa. Ulipoondoka watu waliacha kupanda ngazi zetu. Si kwamba walinichukia. Mustansir alikuwa ananisalimia kutoka chini, anauliza habari zako, anapita. Nikalifunga duka kabisa, na hapo mchana ukawa mrefu. Nilikuwa namjua kila mteja wangu anapenda kitambaa gani, lakini nyumbani kwangu nilikuwa sijui mtu anakaribishwaje. Hiyo ilikuwa kazi yako.

Siku moja saa tisa nikajikuta nimesimama jikoni, pale pale nilipokuwa nasimama. Mkono nimeuweka tayari kupokea glasi. Hakuna wa kunipa. Sikujua nicheke au nilie, nikachemsha maji.

Nilipomaliza nilikuwa na jagi zima la chai ambayo siruhusiwi kuinywa, na kuimwaga sikuweza. Nikatoka roshani nikamwita Mustansir. Akaja, akanywa, akaniuliza kama nina ugomvi naye. Lakini alikaa mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake akaja na Eliya fundi cherehani, amwonyeshe maajabu. Ndivyo walivyoanza kuja. Wanakuja kuitukana chai yangu, Rozmin. Kile kicheko kilichofika barabarani, siku hiyo nilikuwa nimetia chumvi badala ya sukari. Nisingejua, kwa sababu sionji. Eliya alimeza kwa adabu, Mustansir akaitemea kwenye chungu cha maua. Chai ile mimi sijainywa hata funda moja. Nosim hakukuapia uongo.

Na kiti chako hakuna anayekikalia. Sikumkataza mtu. Wanakizunguka wenyewe, kama unaingia sasa hivi kutoka jikoni.

Sikukuuliza unarudi lini kwa sababu niliogopa kwamba ukisikia nauliza utakuja kwa huruma. Na zaidi ya hapo, niliogopa utasema hurudi. Nosim anasema huo ni ujinga wa aina mbili umepanga chumba kimoja.

Basi sasa nauliza. Unarudi lini? Afya yangu ni nzuri, wala sitafuti mpishi wala muuguzi. Nguo nafua, kupika najua, chai wanainywa bila kufumba macho. Nakutaka wewe. Nikisikia mtu anapanda ngazi bado nasikiliza kama ni mwendo wako.

Kama jibu ni hapana, mwambie Sahil nimeelewa, na mimi nitaendelea kumimina. Nimeshazoea kutukanwa.

Mumeo,
Firoz

Rozmin, ni mimi Nosim, ameniachia nafasi hapa chini. Kipaimara kilikuwepo kweli, Silantoi alipendeza. Wageni walikunywa soda. Nichukie kidogo tu, halafu uache.


Calgary
15 Juni 2024

Firoz,

Barua ya kwanza uliyowahi kuniandikia. Nimeyaona makosa yote na sikusahihisha hata moja.

Nimemwambia Sahil nakuja kutembea miezi mitatu, makaratasi yasubiri. Hakufurahi, ila tiketi amekata. Aliniuliza kuna nini Arusha nisichokipata hapa. Nikamwonyesha barua yako. Aliisoma amesimama dirishani, akanirudishia, akaenda kuwasha gari ambalo halikuwa na safari.

Uje KIA peke yako, bila maua na bila Mustansir. Usinisemeshe pale uwanjani, sitasikia kitu kwa zile kelele. Nishike mkono tu, twende.

Kumi ni vingi. Nosim alikuwa sahihi.

Rozmin


Arusha mjini
12 Agosti 2024

Mwalimu mwenzangu Nosim,

Hongera kwa mtoto wa binti yako Lydia! Nimesikia ni mnene na ana sauti. Kaa huko Usa River umwogeshe na kumlea mama yake mpaka apate nguvu, nyumba yako ya Olasiti haikimbii. Lakini nina hamu na wewe, na kwa kuwa simu hainifai, pokea karatasi hii kwa mkono wa Lemayian.

Alikuja peke yake uwanjani, amenyoa ndevu. Alinishika mkono bila kusema neno kama nilivyomwagiza, akanishika hivyo hivyo mpaka ndani ya teksi, mpaka Tengeru, mpaka nikamwambia niachie kidogo nijikune pua.

Nilikuwa nimesahau Arusha ya Agosti. Manyunyu, ukungu, watu wamejikunyata. Nikajua saa tisa hakuna atakayekuja kunywa kitu cha barafu. Walikuja, Nosim! Mustansir kavaa koti, Eliya ana kofia ya sufu. Firoz aliniweka kwenye kiti changu akaingia jikoni. Nikabaki natazama mlango wa jikoni kutoka nje, upande ambao sijawahi kuutazamia. Akatoka na trei, anatembea polepole kama bwana harusi, ananimiminia mimi kwanza.

Wote wakainama mbele kunitazama ninavyoonja. Hilo halihitaji masikio.

Haikuwa yangu. Ina limau zaidi, na mnanaa ameuponda, jambo ambalo mimi silifanyi. Sukari ilikuwa kidogo kuliko niliyoizoea. Lakini nilijua kila kitu kilichomo na kila mahali alipokosea njiani akarudi kuanza upya. Nikanywa yote. Nilipoweka glasi chini nilikuta machozi yananidondoka mpaka kwenye kanga, na wale wanaume watu wazima wanatazama mlima ambao hauonekani. Nikamwambia, "Firoz, nimiminie tena." Wakapiga makofi, niliiona mikono yao.

Maongezi yao siyasikii. Nilikuwa nadhani hilo litanitesa. Haikuwa hivyo. Nilikaa naangalia sura, nani anamkatiza nani, Mustansir anavyoinua bega kabla hajasema uongo. Wakinikumbuka wananigeukia na kunieleza kwa mikono, kila mmoja kwa mikono yake, na wanabishana maana yake.

Wageni walipoondoka tulibaki wawili. Mizigo yangu ilikuwa bado imesimama ukumbini, masanduku mawili ya Sahil yenye magurudumu, sijafungua zaidi ya nguo za kulalia. Firoz akavuta kiti karibu, akaniinamia kwenye sikio hili la kulia ambalo ni afadhali kidogo, akazungumza. Alizungumza kwa muda. Nilihisi pumzi yake na mtetemo wa sauti, basi. Maneno sikupata hata moja. Kisha akajivuta nyuma, akanitazama. Nikaona ni swali, na nikaona analiogopa.

Nikasema ndiyo.

Aliinama kidogo, akakusanya glasi, akaingia ndani. Na mimi nikaona aibu kumrudisha nimwulize nimekubali nini.

Asubuhi nilipoamka ukumbi ulikuwa mtupu. Nguo zangu zilikuwa zimetundikwa kabatini, magauni upande wangu, shali zimekunjwa vibaya kama anavyokunja yeye. Masanduku alikuwa ameyapandisha juu kabisa stoo, nyuma ya majora ya vitambaa vya duka, mahali ambapo mimi peke yangu siwezi kuyafikia. Nilimkuta jikoni anachemsha maji, mgongo amenigeuzia.

Sikumwambia kwamba sikusikia.

Wako,
Rozmin